Hela ya mradi imeingia, nani analipia maji ya mashine?

Vijana wa hapa Dodoma wananiuliza sana patna wa utafiti wa nje anapatikanaje. Patna anapatikana bana, sisi watu wa matirio, yaani tunaochunguza vitu vimeundwa na nini na vinafaa kwa kazi gani, tuna vitu wanavyovitafuta, jua la kutosha, grafiti ya Mahenge, maji ya Singida yenye floraidi ya kuharibu meno ya watoto. Kinachotuumiza ni ule ukurasa wa bajeti, wengi tunausaini bila kuusoma.

Chukua XRD, mashine ya kupiga poda kwa eksirei ujue atomi zake zimepangika vipi. Ndani kuna tyubu, na karibu asilimia 99 ya umeme unaoingia mle unaishia kuwa joto tu, eksirei yenyewe haifiki hata asilimia 1. Joto lote hilo linatolewa na maji yanayozunguka. Sasa weka maji yetu haya ya visima vya Mzakwe, si unaona birika la nyumbani lilivyoota ukoko mweupe, basi ukoko huohuo unaziba vinjia vya maji, joto halitoki, tyubu kwisha habari. Kwa hiyo unataka maji yaliyochujwa chumvi, filta, stabilaiza maana umeme nao una mambo yake, na fundi anayeishi hapahapa. Fungua proposo nyingi uone kama kuna hata mstari mmoja wa hivyo vitu, utakuta ndege, hoteli, posho na warsha.

Halafu kuna sheria za mfadhili. Horizon Europe, mfuko wa Umoja wa Ulaya wa 2021 hadi 2027, Tanzania tunaruhusiwa kupokea hela yetu wenyewe kama patna kamili, ila kwa kawaida mashine hawailipi yote, wanalipa uchakavu wa kipindi unachoitumia kwenye mradi. Yaani kama mahesabu yanaipa mashine maisha ya miaka 10 na mradi ni miaka 4, unarudishiwa kama asilimia 40, iliyobaki mtajua wenyewe na chuo. Kuna asilimia 25 wanaongeza juu ya gharama za moja kwa moja za mradi, kwa ajili ya gharama za jumla, hiyo ndo ya kuipigania mapema ifike labu, ikishaingia uhasibu sahau.

Mimi nawakubali zaidi ISP, programu ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Uppsala kule Sweden, walianza 1961, mtindo wao umekuwa kulea kikundi kizima kwa miaka mingi, wenzetu wa fizikia UDSM wamejenga utafiti wa matirio ya sola kwa njia hiyo.

Mradi mmoja niliokuwemo patna aligoma kuweka hela ya fundi, eti ni kazi ya chuo. Tulibishana kwenye Zoom mpaka Luku ikakata. Mwisho tukafuta warsha moja ya hotelini, fundi akaingia na tyubu ya akiba juu.

Na mkataba useme mashine inabaki kwa nani mradi ukiisha. Kibali cha utafiti cha mgeni wenu kutoka COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, nacho anzeni mapema, msisubiri mpaka akate tiketi.