Ni Nyigu Yupi Aliyemo Ndani ya Tunutu wa Kunguni wa Mimea?

Mtu akitaja nyigu, wengi humkumbuka mdudu mwenye kiuno chembamba anayejenga kiota chini ya paa na kumdunga yeyote anayemsogelea. Nyigu wanaozungumzwa hapa ni wengine kabisa. Urefu wao ni kiasi cha milimita 3, hawajengi viota, kila mmoja huishi peke yake, na hawana madhara kwa binadamu. Jike huwatafuta watoto wa kunguni wa mimea, humrukia mmoja, humdunga kwa muda mfupi sana, na kumwachia yai mwilini. Buu anayeanguliwa humla kunguni huyo kutoka ndani huku kunguni akiendelea kutembea na kufyonza mmea kana kwamba hana tatizo lolote. Kwa sababu hiyo nyigu hawa wana thamani kubwa katika udhibiti wa kibiolojia, yaani kumpunguza mdudu mharibifu kwa kutumia kiumbe hai anayemshambulia, na kwa sababu hiyo hiyo ni vigumu kuwatambua, maana sehemu kubwa ya maisha yao hupita mahali ambapo jicho halifiki.

Tuanze na kunguni mwenyewe. Familia ya kunguni wa mimea, Miridae, ina zaidi ya spishi 10,000 duniani, na ni haki kusema mapema kwamba wengi wao hawamsumbui mkulima. Baadhi hata hula wadudu wengine waharibifu. Wachache ndio wenye madhara makubwa, na katika Amerika Kaskazini anayejulikana zaidi ni Lygus lineolaris, mdudu wa rangi ya kahawia mwenye urefu wa milimita 5 hadi 6, ambaye mgongoni ana alama ya manjano iliyopauka. Ameonekana akila zaidi ya spishi 300 za mimea. Hupenda sehemu changa: vitumba, maua na matunda yanayoanza kukua. Hutoboa kwa mdomo wake mrefu, humwaga mate yanayoyeyusha tishu, kisha hufyonza. Vitumba vya pamba vilivyotobolewa hupukutika. Katika stroberi, mbegu ndogo za juu ya tunda zikiuawa mapema, nyama iliyo chini yake haikui, na tunda hubaki limejikunja upande mmoja huku mbegu zimesongamana.

Kabla ya kupata mabawa, kunguni huyu hupitia hatua tano za utoto, na katika hatua hizo huitwa tunutu. Tunutu mkubwa ni wa kijani na ana madoa meusi matano mgongoni, manne kifuani na moja tumboni. Nyigu jike huwapendelea tunutu wadogo, wa hatua ya kwanza na ya pili hasa, na buu hutoka wakati tunutu amefikia hatua za mwisho. Hutoboa tumbo, hujisukuma nje, huanguka kwenye udongo na kujisokotea kifukofuko. Tunutu aliyeachwa hufa muda mfupi baadaye.

Nyigu wanaofanya kazi hiyo wako zaidi katika jenasi ya Peristenus, ya familia ya Braconidae. Amerika Kaskazini ina spishi zake za asili, lakini katika mashamba ya alfalfa, mmea wa malisho ya mifugo, zilikuwa zikiwapata tunutu wachache tu. Kwa hiyo watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walimleta kutoka Ulaya Peristenus digoneutis na kumwachilia katika jimbo la New Jersey kuanzia mwaka 1979. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 ilithibitika kwamba amejikita, yaani amemaliza majira ya baridi shambani na kuendelea kuzaliana bila kusaidiwa. Tathmini iliyotolewa mwaka 1996 ilionyesha kwamba idadi ya kunguni katika alfalfa kwenye eneo la utafiti ilikuwa imeshuka kwa takribani asilimia 75. Kutoka hapo ameenea hadi majimbo ya kaskazini-mashariki na hadi Kanada.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa kunguni wamepungua, jina la nyigu lina umuhimu gani? Lina umuhimu mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Tuseme tumekusanya tunutu 100 kutoka shamba moja na tumekuta mabuu ndani ya 40 kati yao. Idadi hiyo peke yake haituambii kama nyigu aliyeletwa ndiye anayefanya kazi, au ni wale wa asili waliokuwapo tangu zamani, au kama mgeni anawasukuma wenyeji pembeni. Haituambii kama inafaa kumpeleka katika jimbo jingine. Kazi ya miaka mingi inaweza kusifiwa kwa kosa, au kuachwa kwa kosa, kwa sababu tu aliyehesabu mabuu hakujua ni ya nani.

Na kumjua buu si jambo rahisi. Tunutu huwekwa ndani ya tone la maji kwenye kioo, chini ya hadubini, kisha tumbo lake hufunguliwa polepole kwa vibanio viwili vyenye ncha kama sindano. Vipande vya mafuta na utumbo huelea, na kati yake, ikiwa alidungwa, hutokea buu mweupe anayepitisha mwanga. Akiwa bado mchanga sana ana kichwa kikubwa na kigumu kuliko mwili wake, mataya mawili yaliyopinda kama mundu, na mkia mrefu kwa nyuma. Mataya hayo ni silaha: mabuu wawili wakikutana ndani ya tunutu mmoja, hupigana hadi abaki mmoja. Ni kiumbe cha kustaajabisha, na kila ninapomwona huwa nasita kidogo kabla ya kuandika. Lakini ukimweka buu wa P. digoneutis kando ya buu wa spishi ya asili, hata mtaalamu mzoefu hawezi kuwatofautisha kwa umbo. Upasuaji hujibu swali moja tu: tunutu huyu ana buu ndani yake au hana.

Njia ya zamani ya kupata jina ni kumlea buu hadi awe nyigu kamili. Tunutu walio hai huwekwa ndani ya kizimba chenye sakafu ya wavu, hulishwa maganda ya maharage au mboga nyingine, na mabuu wanaotoka hupenya wavu na kuangukia kwenye chengachenga zenye unyevu, ambamo husokota vifukofuko. Hapo ndipo subira inapohitajika. Baadhi ya nyigu hutoka baada ya wiki chache, lakini wengine hulala ndani ya kifukofuko mpaka majira ya kuchipua ya mwaka unaofuata, kwa hiyo vifukofuko hulazimika kuwekwa kwenye baridi kwa miezi kadhaa na kulindwa dhidi ya ukungu na ukavu. Wengi hufa kabla ya kutoka. Na kwa kuwa hakuna uhakika kwamba spishi zote hufa kwa kiwango kimoja, hesabu inayotokana na waliosalia inaweza kuwa imepinda bila mtu kugundua.

Nyigu kamili akishapatikana, jambo la kwanza kuangaliwa ni bawa la mbele. Familia ya Braconidae inafanana sana na familia ya Ichneumonidae, na alama inayozitenganisha kwa kawaida ni mshipa mmoja mdogo wa kukata bawa: nyigu wa Ichneumonidae huwa nao karibu wote, ilhali wa Braconidae karibu wote hawana. Alama hiyo ni ya muhimu sana katika kazi hii. Kuna nyigu wa jenasi ya Mesochorus, wa familia ya Ichneumonidae, ambaye naye hutoka katika vifukofuko vile vile, kwa sababu yeye ni kimelea cha kimelea: hutaga yai ndani ya buu wa Peristenus akiwa bado tumboni mwa tunutu. Anayemchukulia kuwa rafiki wa mkulima na kumwachilia shambani atakuwa ameingiza adui wa yule rafiki. Ndiyo maana wadudu wanaotoka nchi nyingine hulelewa kwanza katika maabara ya karantini, na kila mmoja huchunguzwa kabla ya kuruhusiwa kutoka.

Baada ya bawa, mtaalamu huangalia rangi ya kichwa na ya miguu, idadi ya pingili za vipapasio, na mikwaruzo iliyo juu ya pingili ya kwanza ya tumbo. Tofauti hizi ni ndogo, na baadhi hubadilika kulingana na joto ambalo mdudu alikulia, kwa hiyo ufunguo wa utambuzi ulioandikwa kitabuni hautoshi. Sampuli hulinganishwa na vielelezo vilivyohifadhiwa makumbusho ambavyo jina lake lilithibitishwa na aliyeielezea spishi hiyo. Majira nayo husaidia. Jina lenyewe digoneutis linaashiria vizazi viwili kwa mwaka, ilhali nyigu wengi wa asili wana kizazi kimoja tu kinachotoka majira ya kuchipua. Buu aliyekutwa mwezi Agosti katika shamba la alfalfa humfanya mtu amfikirie mgeni kutoka Ulaya. Lakini hicho ni kidokezo. Hakiwezi kuwa ushahidi.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2000, pale watafiti wa Marekani walipoonyesha kwamba vinasaba vya buu vinaweza kusomwa moja kwa moja kutoka ndani ya tunutu. Tunutu mzima husagwa, vinasaba hutolewa, kisha kipande cha jeni iitwayo COI, ambayo iko katika mitokondria za seli, hurudufishwa mara mamilioni kwa mbinu ya PCR. Vianzishi vya mbinu hiyo, yaani vipande vifupi vya vinasaba vinavyoonyesha mahali pa kuanza kurudufisha, huchaguliwa ili vishike vinasaba vya nyigu na kuviacha vya kunguni. Kwa hiyo kipande kikionekana, tunajua kwamba nyigu alikuwamo. Hatua ya pili ni kukikata kwa vimeng'enya vinavyotambua mfuatano maalumu wa herufi za vinasaba. Kila spishi ina mifuatano yake, hivyo vipande vinavyopatikana huwa na urefu tofauti, na vikisukumwa kwa umeme ndani ya utando wa jeli hujipanga kwa mistari ambayo mtu huisoma kwa macho. Baadaye zilibuniwa mbinu ambazo jaribio moja hutenganisha spishi kadhaa kwa pamoja, na leo maabara nyingi husoma mfuatano wenyewe na kuulinganisha na hifadhidata. Jibu lililokuwa likingojwa kwa miezi sasa hupatikana kwa siku chache.

Nawaomba wasomaji wasilichukulie jibu hilo kuwa zaidi ya lilivyo. Vinasaba vinathibitisha kwamba yai liliwekwa. Havithibitishi kwamba buu angekua, angetoka na kuwa nyigu. Tunutu akisagwa siku chache tu baada ya kudungwa atahesabiwa sawa na yule ambaye buu wake yuko karibu kutoka, na katika tunutu mmoja wanaweza kukutwa mabuu wa spishi mbili ambao mmoja wao tayari ameshindwa. Kwa maoni yangu, uchunguzi mzuri huigawa sampuli: sehemu hupelekwa kwenye vinasaba na sehemu hulelewa. Wanaoacha kulea kabisa kwa kuwa kunachosha hupoteza kitu kingine pia, kwani nyigu kamili ndiye anayeweza kuhifadhiwa kama kielelezo cha kurudiwa siku ambayo jina lenyewe litatiliwa shaka.

Na majina hutiliwa shaka kweli. Kwa miaka mingi nyigu wa asili wa Amerika Kaskazini waliandikwa wote kama Peristenus pallipes, jina la spishi ya Ulaya. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba chini ya jina hilo moja kulikuwa na spishi kadhaa, baadhi zikihitaji jina jipya. Daftari za zamani zinazosema tu "pallipes" haziwezi kurekebishwa isipokuwa pale ambapo mdudu mwenyewe alichomwa pini na kuwekwa sandukuni. Ulaya nako jina limebadilika: nyigu aliyeitwa P. stygicus sasa ni P. relictus, na huyo ndiye aliyejikita California dhidi ya kunguni wa magharibi, Lygus hesperus. Huwashambulia kunguni wa aina nyingi kuliko P. digoneutis anavyofanya, na kwa hiyo kuwachanganya wawili hawa si kosa la karatasi tu. Kunguni wasio na madhara, na wale wanaokula waharibifu, wamo katika familia hiyo hiyo ya Miridae.

Mkulima au mwanafunzi anayetaka sampuli zake zichunguzwe asaidie mambo machache. Akusanye tunutu kwa wavu wa kupepetea mimea wakati wengi wao wamefikia hatua ya tatu na ya nne, kwa maana wakiwa wadogo mno wengine hawajadungwa bado, na wakiwa wakubwa mno mabuu wengine wameshatoka. Wanaopelekwa kwenye vinasaba watiwe mara moja katika ethanoli ya asilimia 95, wachache katika kila chupa, na wahifadhiwe kwenye baridi. Fomalini isitumike, kwa kuwa huharibu vinasaba. Ndani ya chupa iwekwe lebo yenye tarehe, mahali, mmea ambao tunutu walikuwa juu yake na jina la aliyekusanya. Lebo hiyo iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu za kawaida huyeyuka katika alkoholi, na chupa ikifika maabara karatasi inakuwa nyeupe.