Mashine ya kusafisha damu haiui figo
Wengi huamini kwamba mashine ya kusafisha damu ndiyo huua figo, na ukiianza huachi mpaka kufa. Sivyo. Anayeitegemea maisha yake yote, figo zake zilishashindwa kabla. Figo zilizozidiwa ghafla, kwa mfano baada ya kupoteza damu nyingi, zinaweza kupona. Mgonjwa wa kwanza aliyeokolewa na mashine ya daktari Willem Kolff nchini Uholanzi, mwaka 1945, hakuihitaji tena.

Kinachoua mara nyingi ni umaskini. Kawaida damu husafishwa mara 3 kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa 4 hivi. Anayemudu mara 1 tu, maji na madini ya potasiamu humjaa mwilini, na moyo unaweza kusimama. Lawama huiangukia mashine, si bima isiyolipia matibabu yote.