Je, wajua chombo kinachonasa sauti isiyosikika hutofautishaje sauti na upepo?

Mwaka 1883 volkano ya Krakatau ilipolipuka, Indonesia, baromita (vipimo vya mgandamizo wa hewa) za miji ya mbali zilichora mshtuko mdogo wa hewa. Baadaye zikauchora tena, na tena: wimbi lilikuwa likiizunguka dunia. Wakazi wa miji hiyo hawakusikia chochote.

Sikio letu hukomea kwenye mitikisiko kama 20 kwa sekunde. Sauti nzito zaidi ya hapo hutupita tu, japo ndizo zinazofika mbali, maana hewa huzifyonza kidogo sana. Chombo cha kuzinasa ni maikrobaromita, baromita yenye hisia kali mno. Ndani yake mna kiwambo kinachosukumwa na mabadiliko madogo ya mgandamizo wa hewa. Pembeni huwekwa kitundu chembamba, nacho ndicho kinachonifurahisha zaidi: mgandamizo unaopanda au kushuka polepole kwa sababu ya hali ya hewa huvujia humo na kusawazika pande zote mbili, kiwambo kisijali. Wimbi la sauti hubadilika haraka kuliko hewa inavyoweza kuvuja, hivyo kiwambo hutikisika.

Adui mkubwa ni upepo, kwa kuwa nao hutikisa mgandamizo. Lakini vurugu za upepo ni za hapa na pale, ilhali wimbi la sauti lenye mtikisiko 1 kwa sekunde lina urefu wa mita 340 hivi. Basi mabomba yenye matundu mengi hutandazwa chini kuzunguka chombo, yote yakiishia kwenye kiwambo kimoja. Vurugu za tundu hili na lile huuana. Sauti, inayofika kote karibu kwa pamoja, hubaki.

Chombo kimoja hakisemi sauti imetoka wapi. Ndiyo maana kituo huwa na vyombo kadhaa vilivyoachana kwa kilomita 1 au zaidi. Sauti huchukua kama sekunde 3 kwenda kilomita 1, kwa hiyo ukijua ni kipi kilitikisika kwanza na vingine vilichelewa kwa muda gani, mwelekeo unapatikana.

Mtandao mkubwa wa vituo hivi, 60 kwa mpango wake, ulibuniwa kusimamia mkataba wa 1996 wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia. Februari 2013 ulinasa kitu kingine kabisa: kimondo kilichopasuka juu ya Chelyabinsk, Urusi. Kilisikika hadi kituo cha Antaktika, umbali wa kilomita 15,000 hivi.