Kano za kifundo cha mkono zinapovimba

Kano ni nyuzi ngumu, nyeupe, zinazofunga msuli kwenye mfupa. Misuli mingi inayovuta vidole haimo kiganjani, iko juu kwenye kigasha, kwa hiyo kila ukikunja kidole kano huteleza kupita kifundo cha mkono ndani ya ala nyembamba yenye ute. Kano ikitumikishwa kupita kiasi huvimba, au ala huwa nene, na pale palipokuwa pakiteleza panakwaruza.

Mtazame mtu aliyekalia mbuzi: kifuu mkononi, kifundo kinazunguka, kidole gumba kimekazwa. Nazi mbili za wali wa nyumbani si neno. Lakini ikija harusi, Mwembe Tayari au kwengineko, akakabidhiwa rundo zima mtu asiyezoea, kesho yake chupa ya maji haifunguki. Nazi haina kosa; kazi imeongezeka ghafla, na kano hukomaa polepole kuliko msuli. Kukanda unga wa mahamri, kushika usukani wa tuktuk kutwa nzima na kuchapa simu kwa gumba ni mamoja.

Upande wa gumba ndio huumia sana. Daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1895, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Huwapata sana waliojifungua karibuni, maana mtoto huinuliwa kwa kushikwa makwapani, gumba limeachama. Kunja gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi taratibu upande wa kidole cha mwisho: ukichomwa pale chini ya gumba, huenda ni ugonjwa huo.

Kisukari na baridi yabisi huongeza hatari, na antibiotiki kama siprofloksasini zinaweza kudhuru kano. Ganzi ya usiku kwenye gumba, shahada na kidole cha kati ni habari nyingine. Hapo huwa neva imebanwa.

Kwetu wengi husema "umeteguka" na kwenda kuchuliwa. Mimi sishauri: kuikandamiza kano iliyovimba ni kuizidisha. Pumzisha mkono, weka barafu iliyofungwa kitambaani, vaa banzi, kifaa cha kukituliza kifundo kisijongee, kisha rudi kazini kidogo kidogo. Wiki kadhaa zikipita bila nafuu, muone daktari. Ipo sindano ya kupunguza uvimbe, na mara chache upasuaji mdogo wa kuifungua ala. Kifundo kikiwa chekundu na cha moto, na homa juu yake, nenda hospitali siku hiyohiyo.