Je, wajua kwa nini Vita vya Kwanza vya Dunia viliua wapagazi wengi kuliko askari Afrika Mashariki?

Jeshi la Uingereza lililopigana Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918, likiwa na askari wa Kihindi, wa Afrika Kusini, wa Nigeria, wa Gold Coast (Ghana ya leo) na wa King's African Rifles, kikosi cha Waafrika wa makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, lilipoteza askari zaidi ya 10,000 kwa risasi na maradhi. Wapagazi waliokufa wakilitumikia jeshi hilo hilo, kwa hesabu za serikali yenyewe, walikaribia 95,000. Hawa hawakubeba bunduki, na wengi wao hawakuwahi kumwona adui. Mtu anayezikuta takwimu hizo kwa mara ya kwanza hudhani kuwa ni tauni iliyopita, au mauaji ya halaiki ambayo vitabu vya shule vimeyaficha. Jibu lenyewe liko katika hesabu ya chakula na umbali, ambayo makamanda walikuwa na uwezo wa kuipiga kabla ya kuanza safari, na wengine waliipiga.

Tuanze na nchi yenyewe. Koloni la Wajerumani, lililojumuisha Tanzania bara ya leo pamoja na Rwanda na Burundi, lilikaribia ukubwa wa Ujerumani mara mbili. Ndani yake mlikuwa na reli mbili tu za maana: ile ya Tanga hadi Moshi, na Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakuwa na matumaini ya kulishinda jeshi la Uingereza. Alichokusudia ni kuwashughulisha maadui zake kwa muda mrefu kadiri iwezekanavyo, ili askari, meli na fedha ambazo zingepelekwa Ulaya zizame huku. Kwa hiyo Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyeongoza majeshi ya Uingereza, alipoingia kutoka upande wa Kilimanjaro mwezi Machi 1916, huku Wabelgiji wakija kutoka Kongo na kikosi kingine kikija kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), Lettow-Vorbeck alirudi nyuma hatua kwa hatua, akivunja madaraja ya reli nyuma yake. Waingereza waliingia Morogoro mwishoni mwa Agosti na Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, na Wabelgiji wakaingia Tabora siku 15 baadaye. Katika magazeti ya London na Cape Town huo ulionekana kuwa ushindi uliokamilika. Kwa watu wa mizigo, ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu kusini ya Reli ya Kati, kutoka Rufiji na Mahenge hadi Songea, Masasi na Ruvuma, hapakuwa na reli wala barabara ya kutegemewa.

Wanyama nao hawakufaa. Sehemu kubwa ya nchi ile ilikuwa na mbung'o, inzi wanaoambukiza mifugo ugonjwa wa kuua, na farasi, nyumbu, punda na ng'ombe wa mikokoteni walioletwa kutoka Afrika Kusini na kwingineko walikufa kwa maelfu, wengine wiki chache tu baada ya kuingia porini. Magari yalikuwapo, lakini mvua iliponyesha yalizama hadi mihimili katika udongo mweusi wa mbuga. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya binadamu.

Sasa hesabu. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25, na anakula kilo moja ya unga au mchele kwa siku. Kikosi kikiwa umbali wa siku tano kutoka mwisho wa reli, atakula kilo tano akienda na kilo tano akirudi, na hivyo kufikisha kilo 15. Askari 1,000 wanaokula kiasi hicho hicho watahitaji wapagazi wasiopungua 670 walio njiani wakati wote. Ongeza umbali uwe siku kumi. Mpagazi sasa anakula kilo 20 katika safari nzima na kufikisha kilo tano tu, na kikosi kile kile kinahitaji watu 4,000. Umbali umeongezeka mara mbili, watu wameongezeka mara sita. Kwa siku kumi na mbili na nusu, mpagazi anakula mzigo wake wote na hafikishi chochote. Hapo hatujataja risasi, mahema, dawa, majeruhi wa kubebwa kwa machela, wala bunduki za rashasha na mizinga.

Makamanda walikuwa na njia moja tu ya kuidanganya hesabu hii, nayo ni kumpunguzia mpagazi posho. Askari mwenye njaa hapigani vizuri, na kamanda huulizwa. Mpagazi mwenye njaa aliweza kutembea siku chache zaidi kabla ya kuanguka, na hakuna aliyeuliza. Sidhani kama uamuzi huo uliandikwa mahali pamoja katika amri moja. Ulifanyika kidogo kidogo, kambi hadi kambi, kila mara posho ilipochelewa.

Msomaji anaweza kuuliza: je, misafara ya biashara haikupita nchi hizi hizi kwa miongo mingi kabla ya vita, ikitegemea mabega hayo hayo? Ilipita, na Wanyamwezi walijijengea sifa kubwa katika kazi hiyo. Lakini mpagazi wa msafara alikuwa mtu wa kazi yake. Alikubaliana ujira kabla ya kuondoka, aliondoka katika majira aliyoyajua, na posho yake aliipata kwa kitambaa au shanga, ambazo alizibadilisha kwa chakula katika vijiji vya njiani. Msafara haukubeba chakula chake chote, kwa sababu vijiji viliulisha. Vita viliviua vijiji hivyo. Majeshi ya pande zote yalipita yakichukua nafaka na mifugo, wanaume wakakimbia au wakakamatwa, mashamba yakabaki bila wa kulima, na mpagazi wa 1917 akatembea katika nchi ambayo hapakuwa na kitu cha kununua. Tena hakuwa Mnyamwezi aliyezoea safari. Mara nyingi alikuwa kijana wa Kikuyu, Mkamba, Mluo au Mganda, ambaye hakuwahi kwenda mbali na kwao.

Hapo ndipo maradhi yalipoingia. Mtu aliyetoka nyanda za juu zenye baridi hakuwa amezoea malaria ya bonde la Rufiji au pwani ya Kilwa na Lindi. Chakula nacho kilikuwa kigeni kwake. Mganda aliyelelewa kwa ndizi alipewa mahindi. Mara nyingi mahindi yenyewe yalikuwa punje ngumu zisizosagwa, au unga mkavu ambao ulihitaji kupikwa kwa muda mrefu. Wapagazi walifika kambini jioni wamechoka, kuni zimelowa, sufuria hazitoshi, na alfajiri walitakiwa kuondoka. Walikula chakula kisichoiva, matumbo yakachubuka, na kuhara damu kukawaua wengi kuliko kitu kingine chochote. Malaria na kichomi vilifuata. Vidonda vya miguu na funza haviui kwa kawaida, lakini mtu asiyeweza kutembea, katika kazi ya kutembea, aliachwa nyuma, na kuachwa nyuma porini bila chakula kulikuwa na maana moja.

Miezi ya mwanzo ya 1917 katika bonde la Rufiji ilikuwa mibaya kupita yote. Mvua kubwa zilinyesha, mito ikafurika hadi njia zikageuka mabwawa, na wapagazi waliokuwa wakilihudumia jeshi lililokwama ng'ambo ya mto walipita na mizigo vichwani huku maji yakiwafika kiunoni na kifuani. Askari wa Nigeria waliokuwa huko walipewa nusu ya posho. Kama askari alipata nusu, ya mpagazi mtu anaweza kuikisia. Visiwa vya Shelisheli vilipeleka Kilwa kikosi cha wabebaji wapatao 800 mwishoni mwa 1916. Baada ya miezi michache mamia walikuwa wamekufa, na waliobaki wakarudishwa kwao wakiwa wagonjwa, bila kukitumikia kipindi kizima walichoandikiwa.

Pengo lililoachwa na waliokufa, waliougua na waliotoroka lilipaswa kuzibwa, na lilizibwa kwa nguvu. Katika himaya ya Uingereza iliyokuja kuitwa Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliipa serikali mamlaka ya kuwakamata wanaume kwa kazi ya jeshi, na machifu wakatakiwa kutoa idadi waliyopangiwa. Ujira ulishushwa hadi rupia tano kwa mwezi na posho. Wagiriama, waliokuwa wameinuka mwaka 1914 wakikataa, pamoja na mengine, kutoa vijana wao kwa kazi za Wazungu, walitwishwa katika masharti ya kushindwa kwao kutoa watu 1,000 wa upagazi. Mwaka 1917 John Ainsworth, afisa wa utawala wa koloni hilo, alikabidhiwa kusimamia ukusanyaji mkubwa zaidi, na kwa miezi michache zaidi ya watu laki moja walichukuliwa. Haki yake apewe: alisisitiza pia wakaguliwe na madaktari, walishwe vizuri zaidi na wapewe mablanketi, jambo ambalo Oscar Watkins, mkuu wa kikosi cha wapagazi, alikuwa amelipigania tangu mapema bila kusikilizwa sana. Vifo vilipungua pale masharti hayo yalipofuatwa, na huo ni ushahidi mzito kwamba havikuwa kudra tupu.

Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), ambako wapagazi waliitwa tengatenga, zilitoa watu kwa malaki, wakiwamo wanawake waliobebeshwa nafaka kwa safari fupi fupi. Mchungaji John Chilembwe aliandika barua ya kupinga Waafrika kufa katika ugomvi usiokuwa wao, barua hiyo ikazuiwa, na Januari 1915 akaongoza maasi yaliyogharimu maisha yake. Wabelgiji, kwa upande wao, waliwatumia wapagazi wa Kongo wanaokadiriwa kuzidi 200,000. Ukijumlisha wote waliobebea upande wa Waingereza peke yao, kwa vipindi virefu au vifupi, inakadiriwa idadi inazidi milioni moja.

Na Wajerumani? Sifa aliyoipata Lettow-Vorbeck ya kamanda ambaye hakukamatwa ilisimama juu ya mabega hayo hayo. Mizinga kumi ya meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, iliyozamishwa Rufiji Julai 1915, ilitolewa kwenye maji na kukokotwa nchi nzima na mamia ya watu. Alipoyapunguza majeshi yake na kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, hakuwa tena na njia ya nyuma ya kulinda: alikula alichokiteka kutoka kwa Wareno na kwa wakulima. Kijeshi hiyo ndiyo sababu alikuwa mwepesi kuliko waliomfukuza, maana wao walivuta nyuma yao mstari mrefu wa watu na magunia. Lakini wepesi huo ulilipiwa na vijiji. Wapagazi wake wengi walikamatwa njiani, na vifo vyao havikuwekewa kumbukumbu za kuaminika. Huko nyuma, katika nchi iliyokwisha kunyang'anywa nafaka, mifugo na vijana na majeshi mawili kwa zamu, ukame ulipofika Ugogo, eneo la Dodoma, ulikuta maghala matupu. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya. Kisha, mwishoni mwa 1918, ikaja homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima.

Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na Wajerumani 155, askari wa Kiafrika wasiozidi 1,200, na kundi la wapagazi na wafuasi wengine, wanawake wakiwamo, lililowazidi wote hao kwa idadi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 zilisimamishwa sanamu za ukumbusho Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na maandishi yake yakawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sanamu ya Nairobi ina umbo la mpagazi miongoni mwa maumbo yake matatu. Ile ya Dar es Salaam ina askari peke yake, mwenye bunduki. Kambi walikokusanyika zikabaki kuwa mitaa na masoko, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, majina yaliyotokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Afisa mmoja wa Wizara ya Makoloni mjini London alikuwa ameandika, bila kuzungusha maneno, kwamba jambo hili halikugeuka kashfa kwa sababu tu waliotaabika zaidi walikuwa wapagazi wa Kiafrika.

Ilibaki mishahara. Maelfu ya waliokufa walikuwa wakidai, na majina yaliyoandikwa vibaya na makarani, au yaliyotolewa kwa uongo na watu waliokuwa wakitafuta njia ya kutoroka, yalifanya warithi wasipatikane. Serikali ya Kenya iliomba fedha hizo ambazo hazikudaiwa zitumike kwa manufaa ya Waafrika wa koloni hilo, na serikali ya Uingereza ikakataa kuzitoa. Sheria ya kuwaandikisha wanaume wa Kiafrika kwa alama za vidole na kuwatembeza na kipande, yaani hati ya kitambulisho, iliyopitishwa wakati wa vita, ilianza kutekelezwa mara tu vita vilipokwisha, ili safari hii kila kibarua ajulikane jina lake, kwao na mwajiri wake.