Kwa nini homa ya mgonjwa wa kemo haisubiri asubuhi?

Usiku wa siku ya kumi baada ya dripu ya kemo (dawa za saratani), shangazi alipima joto: 38.4. Nilikagua kidonda cha kidoleni mwake, hakikuwa na usaha. Kikohozi hana. Nikamwambia ni dawa tu inafanya kazi, ameze panadol alale. Muuguzi tuliyempigia simu hakunisifu hata kidogo: tulitakiwa tuwe njiani kwenda hospitali.

Nilidhani usaha ni uchafu wa bakteria. Kumbe sehemu kubwa ni mizoga ya neutrofili, chembe nyeupe za damu zinazokimbilia penye vijidudu, zikapigana, zikafia papo hapo. Hata ukijani wa makohozi hutokana na kimeng'enya chao. Sasa mtu aliyeishiwa neutrofili atatoa usaha kwa kipi? Kidonda chake kinaweza kuonekana safi huku vijidudu vinastarehe ndani.

Zimeishaje? Dawa nyingi za kemo hupiga seli zinazogawanyika haraka, na uboho wa mifupa, unaotengeneza chembe za damu, umo humo. Ni kama muuza maandazi aliyezimiwa jiko: kabati la vioo bado limejaa, wateja hawajashtuka. Lakini maandazi hayakai. Neutrofili haidumu kwenye damu, basi kabati huwa tupu mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14, kutegemea dawa, kabla jiko halijawashwa tena. Chembe nyekundu, zinazoishi siku 120 hivi, ni biskuti: upungufu wake huja taratibu.

Neutrofili zikishuka chini ya 500 kwa kila maikrolita, hata bakteria wa utumbo wake mwenyewe wanaweza kupenya hadi kwenye damu. Homa huwa kengele pekee, nami nilitaka kuizima kwa panadol. (Anayetumia steroidi anaweza hata asipate homa.) Miongozo mingi husema homa ni 38.3 mara moja, au 38.0 iliyodumu saa moja; vituo vingine hutosheka na 38. Lengo ni antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja, bila kungoja majibu ya maabara. Kwamba ziwe dakika 60 kamili, ushahidi si mzito kihivyo. Kipimo cha malaria kifanyike, ila kikitoka chanya hakifuti hatari ya bakteria.

Getini tulisema "yuko kwenye kemo" kabla ya jina. Siku ya tano wodini, kidole kikaanza kutoa usaha. Daktari alifurahi.