Je, wajua kwa nini diski ya TB 2 hufomatiwa kwa sekunde chache?

Mafundi wa kompyuta wa Digo Road, Mombasa, hupokea diski nyingi za mtumba. Chukua diski ya TB 2 ya sahani zinazozunguka, inayoandika kama MB 150 kwa sekunde. Ukiijaza sifuri mwanzo hadi mwisho, utangoja karibu saa 4. Fundi akiipigia amri ya `mkfs.ext4`, ambayo kwenye Linux hufomati diski kwa mfumo wa faili wa ext4, kazi huisha kwa sekunde chache. Saa hizo zimeokolewaje?

Kwanza, kufomati si kufuta. `mkfs` huandika sehemu za usimamizi tu: superbloku (maelezo makuu ya mfumo wa faili), ramani za bloku (vipande vidogo vya diski), majedwali ya inodi (kumbukumbu ya kila faili) na jonali (daftari la mabadiliko yanayoendelea). Faili za mwenye diski wa zamani, kwenye diski za aina hii, kwa sehemu kubwa hubaki palepale hadi zifunikwe na mpya. Anayeuza diski yake na alijue hilo kabla hajaitoa mkononi.

Mzigo mkubwa ni majedwali ya inodi. Kwa mipangilio ya kawaida ya ext4, kila KB 16 za diski hutengewa inodi moja ya baiti 256, yaani sehemu 1 kwa 64. Kwa TB 2 hiyo ni GB 31 na ushei, dakika tatu na nusu za kuandika mfululizo. Na sifuri hizo si za urembo. Jedwali likibaki na inodi za zamani, kisha maelezo ya kundi lake la bloku (ext4 huigawa diski kwa makundi) yakaharibika, `e2fsck`, programu ya kukagua mfumo wa faili, hulazimika kulisoma lote, na hukuta faili za mwenyewe wa kwanza zikidai bloku ambazo sasa zina faili zako. Jonali nayo ni hivyo hivyo: stima ikipotea, rekodi ya zamani ambayo namba yake ya mfuatano imeangukia palepale inaweza kuchezwa upya kana kwamba ni ya leo.

Mbinu ya kwanza ya kuharakisha ni kuahirisha. Tangu Linux 2.6.37, `mkfs` huweza kuacha majedwali bila kuyagusa, kisha uzi (kazi ya nyuma ya pazia) wa kerneli, kiini cha Linux, uitwao `ext4lazyinit` huyajaza sifuri baada ya diski kupachikwa, kundi moja baada ya jingine. Kila ukimaliza kundi, hupumzika mara 10 ya muda uliotumia. Ndiyo maana taa ya diski mpya huwakawaka ilhali hakuna anayeitumia, na mteja huirudisha akidhani mbovu. Ni mbovu kweli, lakini kwa kupimia kasi: usipime diski kabla uzi huo haujamaliza.

Mbinu ya pili ni kuiachia diski yenyewe kazi. NVMe na SCSI, njia mbili za kompyuta kuzungumza na diski, zina amri za kazi hii: NVMe ina ya kuandika sifuri, SCSI ina WRITE SAME. Kompyuta hutaja mwanzo na urefu, bila kusafirisha sifuri zote: kwa NVMe haitumi hata baiti moja, kwa WRITE SAME kwa kawaida hutuma bloku moja tu. Tangu Linux 4.9 programu huomba hivyo kwa `fallocate`, ombi kwa kerneli, moja kwa moja juu ya diski. Diski isiyoijua amri hiyo, kerneli humwandikia mwombaji sifuri kwa mkono. Ya tatu ni ya kawaida tu: andika kwa vipande vikubwa. Eneo la MB 32 likiandikwa kwa vipande vya KB 32 ni maombi 1,024. Kwa vipande vya MB 4 ni 8.

Hapa ndipo mkaguzi wa msimbo, anayesoma mabadiliko ya programu kama `mkfs` kabla hayajakubaliwa, anapotakiwa kuwa mkali, kwa sababu msimbo unaoharakisha kwa kutoandika kitu huonekana mzuri sana kwenye saa. Mtego mbaya kuliko yote ni kuchanganya kutupa bloku na kuzijaza sifuri. Amri ya kutupa (discard) ni ushauri kwa diski kwamba bloku hizo hazihitajiki tena. Inaweza kuupuuza, na ukisoma baadaye ukapata data ile ile ya zamani. Msimbo unaotupa kisha ukaruka kuandika, bila hakikisho kwamba sifuri zitasomwa, ukataliwe.

Mtego wa pili ni hesabu. Bloku namba 1,048,576 mara baiti 4,096 ni 4,294,967,296, namba ambayo biti 32 haziitoshi, na jibu hugeuka 0. Sifuri zilizokusudiwa kwenda GB 4 huangukia mwanzoni mwa diski, ilipo superbloku. Namba igeuzwe kuwa ya biti 64 kabla ya kuzidisha. Kubadilisha aina baada ya kuzidisha ni kuchelewa. Angalia pia kosa la `fallocate` linashughulikiwaje: lisimezwe, bali msimbo urudi kwenye kuandika sifuri wenyewe kutoka kwenye bafa (eneo la muda la kumbukumbu).

Kujaribu, tengeneza faili ya GB 8 isiyo na sifuri hata moja:

`head -c 8G /dev/zero | tr '\0' '\377' > picha.img`

`mkfs.ext4 -E nodiscard,lazy_itable_init=0,lazy_journal_init=0 picha.img`

Neno `nodiscard` lisisahaulike. Bila hilo, kwenye faili ya kawaida `mkfs` hutoboa matundu yanayosomeka sifuri, halafu huruka msimbo ule ule unaoujaribu. Kisha tafuta kwa `dumpe2fs`, inayoorodhesha makundi, mahali lilipo jedwali la inodi la kundi namba 32 (kuhesabu huanzia 0), kundi ambalo huanza hasa pale hesabu ya biti 32 inapopasuka, na uweke namba ya bloku hiyo badala ya N:

`dd if=picha.img bs=4096 skip=N count=512 | cmp -n 2097152 - /dev/zero`

Ukiacha takwimu za `dd`, `cmp` ikinyamaza, MB 2 zote ni sifuri. Rudia jaribio kwenye sehemu za GB 8 za diski mbili halisi: moja ambayo `write_zeroes_max_bytes` chini ya `/sys/block` inasoma 0, na nyingine inayosoma zaidi, maana kila moja hupita njia yake ndani ya kerneli.